Usisimame Kati ya Mnyama na Maji: Namna ya Kutazama Wanyamapori Katika Mabonde ya Mito Yetu

Ilikuwa mwezi Septemba, jua likielekea kuzama, nami nilikuwa nimesimama kwenye ukingo wa kijito kimojawapo kinachopeleka maji yake Mto Ugalla. Nilikwenda huko kutafuta picha za jarida hili. Kijito kilikuwa kimeacha kutiririka tangu Julai. Kilichobaki ni kidimbwi kimoja chenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake viboko saba waliojibana mgongo kwa mgongo. Nilikuwa nimepata mahali pazuri pa kupigia picha: kijia kipana kilichoshuka moja kwa moja hadi majini, hakina nyasi wala miiba, kana kwamba mtu alikifyeka kwa ajili yangu.

Askari wanyamapori wa kijiji aliyenisindikiza alinishika mkono bila kusema neno, akanivuta pembeni hatua kama arobaini, hadi nyuma ya kichuguu. "Bwana Afisa," aliniambia kwa sauti ya chini, "pale uliposimama si njia ya watu. Ni mlango wao." Haikupita robo saa, kiboko wa kwanza akatoka majini, akapanda kwa kijia kile kile, akapita mahali nilipokuwa nimesimama na kuingia mbugani kutafuta malisho. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Nimeanza na kosa langu mwenyewe kwa sababu ndilo kosa ambalo wengi wetu hulifanya. Hatukusudii kumdhuru mnyama. Tunataka kumwona tu, tumwonyeshe mtoto, au tupate picha ya kumtumia ndugu aliye mjini. Lakini katika mabonde ya mito ya Tabora, hasa miezi ya kiangazi, mahali tunaposimama kutazama huweza kuamua iwapo mnyama atakunywa maji siku hiyo, na iwapo sisi wenyewe tutarudi nyumbani salama. Makala haya yanaeleza kwa nini iko hivyo, na nini cha kufanya.

Mito inayogeuka vidimbwi

Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, unaoanza takribani Novemba na kumalizika Aprili. Katika miezi hiyo mito hufurika, mbuga hujaa maji, na wanyama hutawanyika kote katika misitu ya miyombo kwa kuwa maji yapo kila mahali. Mvua zikikatika, mambo hugeuka. Vijito hukauka kwanza, kisha mito yenyewe hupungua hadi kubaki mfululizo wa vidimbwi vilivyotenganishwa na mchanga mkavu. Ifikapo Septemba na Oktoba, eneo ambalo wakati wa masika lilikuwa na maji ya kutosha kila upande huweza kubaki na kidimbwi kimoja tu.

Maji haya ni sehemu ya mfumo mkubwa. Mto Ugalla hupokea maji ya mito kama Wala na Koga, kisha hujiunga na Malagarasi, ambao humwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Ardhi oevu ya Malagarasi–Muyovozi, inayogusa pia uwanda wa mafuriko wa Ugalla, iliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ikawa eneo la kwanza la Tanzania kupata hadhi hiyo. Ina ukubwa wa takribani hekta 3,250,000. Humo huishi korongo nyangumi, ndege mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye ni adimu duniani. Humo pia huishi nzohe, swala wa kwenye vinamasi mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea juu ya matope na mafunjo.

Mwananchi wa kijiji cha pembezoni anaweza kudhani kwamba kijito kinachopita nyuma ya shamba lake hakihusiani na habari hizo kubwa. Kinahusiana. Kidimbwi cha kijijini ndicho kinachomvusha mnyama kutoka masika moja hadi nyingine.

Kisa cha mwaka 1871

Bonde hili limetazamwa na wageni kwa muda mrefu. Tabora, katika utemi wa Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya misafara: njia moja ilitoka pwani ya Bagamoyo, nyingine ikaelekea Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi. Wapagazi Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani kwa miezi kadhaa hadi pwani. Tembo wengi wa nchi hii waliangushwa kwa ajili ya biashara hiyo, na njia hizo hizo zilipitisha pia watumwa. Kwa hiyo kumbukumbu yetu ya wanyamapori na kumbukumbu yetu ya misafara haziachani.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alifika Kwihara karibu na Tabora. Njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya Mtemi Mirambo wa Urambo, hivyo mwezi Septemba akashika njia ya kuzungukia kusini kupitia Ugunda. Mapema Oktoba msafara wake ulipiga kambi kando ya mto alioutaja kwa jina la Gombe. Ulikuwa wakati wa ukame, na mto ulikuwa umebaki madimbwi. Pale Stanley alikuta wanyama wengi kuliko alivyowahi kuona tangu aondoke pwani, akakaa siku kadhaa akiwinda na kukausha nyama kwa ajili ya wapagazi wake.

Siku moja alitaka kuoga. Alipata mahali penye kivuli na maji yaliyotulia, akavua nguo, akawa tayari kujitupa majini. Ghafla akaona mwili mrefu ukijitokeza mahali hasa alipokusudia kuangukia. Alikuwa mamba. Stanley akarudi nyuma, na kwa maelezo yake mwenyewe akaapa kutodanganywa tena na utulivu wa maji ya mto wa Afrika.

Kisa hiki kina mafunzo mawili kwetu. La kwanza ni kwamba wingi wa wanyama aliouona haukuwa ajabu. Ulitokana na ukame uliowakusanya kwenye maji machache. La pili ni kwamba maji yaliyotulia si dalili ya usalama. Tangu wakati huo imepita miaka zaidi ya 150, lakini kiangazi bado hufanya kazi yake vile vile, na mamba pia.

Kwa nini kidimbwi cha kiangazi ni mahali pa hatari kwa pande zote

Tuanze na kiboko. Ngozi yake haivumilii jua: akikaa nje mchana kutwa hukauka na kupasuka. Ndiyo maana hushinda majini, na jioni hutoka kwenda kula majani usiku kucha, kisha hurudi kabla jua halijachomoza. Hutumia mapito yale yale kila siku, na mapito hayo ndiyo vile vijia vilivyo safi ambavyo sisi huvipenda kwa kuwa ni rahisi kupita. Kiboko akiwa nchi kavu na kumkuta mtu amesimama kati yake na maji, haoni mtazamaji. Anaona kizuizi kati yake na mahali pekee anapojiona salama. Humkimbilia mtu huyo kwa sababu anakimbilia maji. Ana uzito wa zaidi ya tani moja, na mtu wa kawaida hamshindi kwa mbio.

Mamba naye ana sababu zake. Jike hutaga mayai kwenye mchanga wa kingo katika miezi ya kiangazi, huyafukia, na hukaa jirani akiyalinda kwa takribani miezi mitatu hadi yaanguliwe mvua zinapokaribia. Watu wakizoea kukusanyika karibu na kiota, jike huingia majini, na kenge hupata nafasi ya kuyafukua na kuyala. Mtazamaji huyo hakurusha hata jiwe, lakini uzao wote wa mwaka umepotea.

Tembo mmoja hunywa zaidi ya lita 100 za maji kwa siku. Kundi linaloshuka mtoni jioni huwa limetembea mbali, pengine na ndama walio hoi kwa kiu. Likikuta watu kwenye ukingo, huweza kusimama msituni likisubiri, au kurudi bila kunywa. Likirudi bila kunywa, litatafuta maji mahali pengine, na mahali pengine huko mara nyingi ni kwenye lambo la kijiji, katikati ya mashamba. Anayewazuia tembo mtoni alasiri huweza kuwa amewapeleka kwenye shamba la jirani yake usiku.

Hapo ndipo inapotoka kanuni moja inayobeba nyingine zote: usisimame kati ya mnyama na maji. Msomaji akisahau mengine yote katika makala haya, akikumbuka hilo peke yake litamsaidia.

Namna ya kutazama

Kabla ya kwenda, uliza. Wavuvi, warinaji wa asali na askari wanyamapori wa vijiji wanajua kidimbwi gani kina viboko, ukingo gani una mamba, na tembo wameonekana wapi wiki hiyo. Nenda na mtu huyo. Usiende peke yako, wala usichukue watoto wadogo kwenda kutazama kwa miguu.

Ufikapo, usikimbilie maji. Simama mbali kwanza uangalie chini. Nyayo mbichi, kinyesi kilichotawanywa kwenye vichaka, na vijia vipana vinavyoshuka majini hukueleza nani anatumia mahali hapo. Kisha chagua pa kukaa: pembeni mwa mapito, juu kidogo ya ukingo, penye mti mkubwa au kichuguu cha kujikinga, na penye njia ya kuondokea nyuma yako. Angalia pia upepo. Chukua vumbi kidogo ulidondoshe: likipeperukia kwenye maji, harufu yako itafika kabla yako, na ni bora uzunguke upande wa pili.

Kwa mtu anayetembea kwa miguu, tunashauri umbali usiopungua hatua 50 kutoka kwenye ukingo wenye viboko au mamba, na usiopungua hatua 100 kutoka kwa tembo au nyati. Hizi ni hatua za tahadhari. Mahali penye vichaka vizito ziongezwe. Darubini ndogo, hata ya kuazima, huleta mnyama karibu kuliko miguu yako itakavyoweza kukupeleka kwa usalama. Aliye na simu pekee aridhike na picha ndogo.

Wakati nao una maana. Saa mbili za mwanzo baada ya jua kuchomoza na saa mbili za mwisho kabla halijazama ndizo wanyama huonekana vizuri, lakini ndizo pia wanazotembea. Uwe umeketi mahali pako mapema, kabla hawajaanza kushuka, na uondoke kabla giza halijaingia. Usiku si wakati wa mtu wa miguu kuwa kando ya mto. Kuwamulika wanyama kwa tochi kali au taa za pikipiki huwapofusha kwa muda, na mnyama asiyeona vizuri hukimbia popote.

Jifunze kusoma dalili. Kiboko anayefungua kinywa wazi kama anayepiga miayo hana usingizi: anakuonyesha meno yake ili uondoke. Tembo anayekunjua masikio, kuinua kichwa na kukutazama ana kwa ana anakuuliza swali, na jibu sahihi ni kurudi nyuma polepole bila kumpa kisogo. Nyati aliyeacha kula na kuinua pua anakutafuta kwa harufu. Ndege waliotulia wakiruka wote kwa mkupuo, jua kuna jambo. Kwa ujumla, mnyama akibadili alichokuwa akifanya kwa sababu yako, umekaribia kupita kiasi. Rudi nyuma hadi aendelee na shughuli yake.

Mambo yafuatayo yasifanyike kabisa: kurusha jiwe au kupiga kelele ili kiboko ainuke, kumtupia mamba utumbo wa samaki au kuku, kuwalisha nyani na tumbili, na kuwafuata wanyama kwa pikipiki. Mnyama aliyezoea kupata chakula kwa mtu hatofautishi kati ya mgeni aliyemlisha na mama anayechota maji kesho yake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haioni uwindaji kuwa ni kuua peke yake. Kumfukuza, kumjeruhi na kumkamata mnyama bila kibali navyo vinaweza kukufikisha mahakamani.

Ndege, na aliyekuwa mwalimu wetu wa kwanza

Si kila anayetaka kutazama wanyamapori lazima amtafute tembo. Mabonde yetu yana utajiri wa ndege ambao mtu anaweza kuutazama kwa usalama zaidi, na wanafunzi wa shule za msingi wanaweza kujifunza kwao wakiwa na mwalimu. Furukombe hukaa juu ya mti mkavu akisubiri samaki. Mdiria huning'inia hewani kabla ya kujitosa majini. Kulastara na yangeyange hutembea polepole kwenye maji ya kina kifupi, na korongo taji huonekana wakicheza mbugani.

Ndege nao wana masharti yao. Usikaribie kiota, hata kama makinda yanapendeza. Mzazi akiruka, mayai hubaki juani, na mwewe huwa anatazama. Usiweke mlio wa ndege kwenye simu ili kumvuta: humfanya aache kiota akapigane na adui asiyekuwepo.

Katika jambo hili wazee wetu hawakusubiri kufundishwa. Mrinaji wa asali wa miyombo amemtazama mlembe, yule ndege anayewaongoza watu kwenye mzinga, tangu kabla ya misafara. Ndege humwita, mtu humfuata kwa kusikiliza, hafanyi haraka wala hamshiki. Akishapata asali humwachia ndege masega. Huo ni utazamaji wenye adabu: kusikiliza, kukaa mbali, na kuacha sehemu ya mwenyeji.

Kwa anayechota maji

Tungefanya makosa kuandika kana kwamba kila aendaye mtoni huenda kutalii. Wengi huenda kuchota maji, kunywesha ng'ombe, kufua au kuvua. Kwao ushauri wa kukaa hatua 50 mbali hautekelezeki, nasi tunalijua hilo. Kwao tunasema yafuatayo.

Pale ambapo kisima au bomba lipo, hata kama ni mbali zaidi, maji ya mto yawe chaguo la mwisho. Pale ambapo hapana budi, nendeni kwa pamoja, kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri. Msiingie majini. Tumieni kata yenye mpini mrefu, au ndoo iliyofungwa kamba, mkiwa mmesimama juu ya ukingo. Msichote mahali pale pale kwa saa ile ile kila siku, kwa kuwa mamba hujifunza mazoea ya watu na husubiri chini ya maji. Mtoto asitumwe mtoni peke yake.

Mfugaji anyweshe mchana na kuondoa mifugo mapema, ili alasiri iachiwe wanyama. Sabuni na dawa za kuogeshea mifugo zisimwagwe kidimbwini: maji hayo hayatiririki, na anayeyanywa baada yako anaweza kuwa mwanao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kwenye kingo za mito dhidi ya shughuli zinazoharibu mazingira. Ukanda huo ukiachwa na nyasi na miti yake, huzuia udongo usijaze kidimbwi, na humpa mnyama mahali pa kupita bila kukutana na mtu.

Nani wa kumwona kabla ya kuingia

Ardhi ya mabonde yetu haina msimamizi mmoja. Ukiwa kwenye ardhi ya kijiji, anza na ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kijiji. Misitu ya hifadhi ya Serikali Kuu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, ambayo hadi mwaka 2019 ilikuwa Pori la Akiba, iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, na huingii bila kibali na kiingilio. Mapori ya akiba husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Vilevile zipo Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, ambazo vijiji vimejiunga na kutenga sehemu ya ardhi yao. Ipole, wilayani Sikonge, na Uyumbu, wilayani Urambo, zimo miongoni mwa jumuiya za mwanzo kuanzishwa nchini. Katika maeneo hayo mgeni hupata ruhusa ya jumuiya, hulipa ada, na hufuatana na askari wanyamapori wa vijiji. Ada hiyo ndiyo inayokigeuza kiboko kutoka mharibifu wa shamba kuwa mchangiaji wa darasa au zahanati. Anayeingia kwa njia ya panya amejinyima ulinzi na amekinyima kijiji haki yake. Kama huna uhakika uko kwenye eneo la nani, Afisa Wanyamapori katika ofisi ya Halmashauri atakueleza.

Neno moja la afya linafaa hapa. Misitu yetu ina mbung'o, na mbung'o huweza kueneza malale. Vaa nguo nzito kiasi, zenye mikono mirefu na rangi ya udongo au majani makavu. Epuka bluu na nyeusi, kwa kuwa rangi hizo humvuta mbung'o. Ukipata homa, kuumwa kichwa au uvimbe mahali ulipoumwa baada ya safari ya porini, nenda kituo cha afya na umweleze mganga kwamba ulikuwa porini.

Mnyama akileta madhara

Haitakuwa haki kuwaomba wananchi wawaheshimu wanyama bila kuzungumzia hasara. Mkulima aliyelala na shamba la mahindi na kuamka na vipande vya mabua ana uchungu halali. Familia iliyopoteza mtu ina uchungu usiopimika. Kwa ajili yao zipo kanuni za mwaka 2011 za malipo ya kifuta jasho kwa uharibifu wa mali, na kifuta machozi kwa kifo au kujeruhiwa. Majina hayo yanasema ukweli: malipo hayo hayalingani na kilichopotea.

Ili madai yasikwame, toa taarifa bila kuchelewa kwa Mtendaji wa Kijiji, naye ataifikisha kwa Afisa Wanyamapori. Usilime tena wala usifagie eneo kabla halijakaguliwa, kwa kuwa nyayo na mabaki ndiyo ushahidi. Piga picha. Majeruhi afikishwe hospitali kwanza, na nyaraka za matibabu zitunzwe. Mnyama akiwa bado karibu na makazi, usimfukuze kwa kundi la watu na mbwa. Waondoe watoto, acha wazi upande wake wa kuelekea mtoni, kisha subiri wahusika.

Upande huo wa kuelekea mtoni ni ile kanuni yetu tena. Mnyama aliyeachiwa njia ya maji mara nyingi huondoka mwenyewe.

Kuhusu ile picha

Wasomaji watauliza iwapo nilipata picha siku ile. Nilipata moja, kutoka nyuma ya kichuguu, mwanga ukiwa umefifia. Viboko wanaonekana kama mawe meusi yanayopanda ukingo, na msanifu wa jarida aliniambia haifai kuchapwa. Nilikubaliana naye. Lakini nimebaki na jambo alilonieleza yule askari tulipokuwa tukirudi kijijini gizani, pikipiki yake ikiwa mbele. Alisema kwamba kila mwaka, mvua za kwanza zikinyesha, huenda kukitazama kidimbwi kile kikianza kuungana na kingine, hadi mto urudi kuwa mto. Siku hiyo huwahesabu viboko wanaoondoka. Kama ni idadi ile ile iliyoingia kiangazi, anasema, basi na sisi kijijini tumevuka salama.